Nani Alinyoosha Nguo Hii?

Karibu kila aliyesoma historia shuleni anakumbuka swali ambalo Henry Morton Stanley alimuuliza mzee mmoja wa Kizungu pale Ujiji mwaka 1871, swali lenye adabu nyingi mno kwa mtu aliyetoka porini. Wachache wanakumbuka alichofanya Stanley kabla ya kuuliza. Alibadili nguo.

Ameandika mwenyewe. Alipopata habari kwamba Ujiji yuko Mzungu mwenye ndevu za mvi, na safari imebaki kidogo, alimwagiza Selim amtolee suti yake mpya ya flana, avipake viatu mafuta, aipake chaki kofia yake ngumu na kuizungushia kitambaa kipya. Selim alikuwa kijana Mkristo kutoka Yerusalemu, mkalimani wake wa Kiarabu. Sababu ya kubadili nguo Stanley aliitaja bila kificho: nguo alizotembea nazo zilikuwa matambara, naye alitaka aonekane mtu mbele ya yule Mzungu, na mbele ya Waarabu wa Ujiji.

Hebu ifikirie suti hiyo. Ilitoka Bagamoyo mwezi Machi. Ilipita kwenye matope ya Makata wakati wa masika, ikavuka Ugogo, ikakwama miezi kadhaa Unyanyembe kwa sababu ya vita na Mirambo, na ilipofika Ziwa Tanganyika ilikuwa imekaa njiani zaidi ya siku 230. Wakati huo wote ilikuwa kichwani au begani mwa mtu. Kisha siku moja ikatolewa, ikavaliwa, na mwenyewe akaingia mjini kama aliyetoka chumba cha jirani. Livingstone, kwa upande wake, alikuwa na kizibao chenye mikono myekundu na suruali ya kijivu. Alikuwa amerudi Ujiji akakuta mali yake imeshauzwa, hana kitu.

Tunapoukumbuka mkutano ule tunakumbuka watu wawili. Lakini suti ile iliwahitaji angalau watatu: aliyeibeba, aliyeitoa na aliyeivaa.

Nguo isiyo na mkunjo mwisho wa safari ndefu ni uongo mdogo wenye adabu. Inasema kwamba mwenye nguo hakutoka jasho, hakusinzia kwenye kiti, hakubanwa. Inasema amefika bila kusafiri. Na nyuma ya kila uongo wa namna hiyo kuna mtu aliyekesha akiutengeneza.

* * *

Njia ya Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa njia ya nguo kabla ya kuwa njia ya wapelelezi. Pembe za ndovu zilikuja pwani, vitambaa vilikwenda bara. Kulikuwa na merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi kutoka viwanda vya Massachusetts, iliyoletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, hasa baada ya Sayyid Said kuwekeana mkataba na Marekani mwaka 1833. Kulikuwa na kaniki, nyeusi ya nili, kutoka India. Vitambaa hivi ndivyo vilivyokuwa fedha. Shuka moja ilikuwa yadi mbili, doti moja yadi nne. Ukinunua unga, ulilipa kwa shuka. Ukipita Ugogo, ulilipa hongo kwa doti. Na ule mzigo wa kitambaa uliofungwa na kukazwa, kilo 30 hivi, ambao mpagazi aliubeba siku baada ya siku, uliitwa mtumba.

Maneno yote mawili bado tunayo. Mama yangu hununua doti ya kanga. Mimi hununua mtumba. Lakini hilo nitalirudia.

Katika msafara, hakuna aliyehangaika na mikunjo ya merikani. Kilichohofiwa ni maji, kwa sababu kitambaa kilichooza hakimlipi mtu. Mikunjo haikuwa kasoro, kwa kuwa watu wengi wa njia ile walivaa nguo ya kujifunga na kujitanda. Vazi lisiloshonwa halina mkunjo mbaya. Limeundwa kwa mikunjo. Lubega ya Mmasai inaweza kulaliwa usiku kucha na asubuhi ikarudi begani bila mtu kuiona kama imekosea. Kanga mpya, ikitoka dukani, ina mistari ya kukunjwa kwake, na wanaoivaa hawana haraka ya kuiondoa mistari hiyo, maana ndiyo inayotangaza kwamba ni mpya.

Mkunjo ulianza kuwa kosa pale nguo ilipopewa umbo lake yenyewe: mabega yake, kiuno chake, mstari wake. Tangu hapo, kila mwili ulioingia ndani yake ulikuwa unaiharibu.

Huku pwani, vazi hilo lilikuwa kanzu kabla ya kuwa suti. Kanzu nyeupe iliyotiwa wanga na kunyooshwa ilimtambulisha muungwana. Mtumwa wa Unguja alivaa kipande cha merikani au kaniki, kichwa wazi. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, moja ya mambo ya kwanza ambayo watu walioachwa huru waliyafanya, wanawake kwa wanaume, ni kubadili mavazi: wanaume wakachukua kanzu na kofia, wanawake wakachukua kanga, na baadaye buibui. Wapo waliowacheka. Lakini mtu ambaye jana alifua kanzu ya bwana wake, akaitia wanga, akaikunja na kuilaza sandukuni pamoja na harufu ya udi, alijua vizuri kuliko bwana wake kanzu ile ilikuwa na kazi kiasi gani ndani yake. Alipoivaa ya kwake, alikuwa anavaa pia haki ya kutofua ya mwingine.

* * *

Yafaa kueleza kwa nini nguo hujikunja, maana bila hilo hatuwezi kuelewa kwa nini watu walihangaika hivyo.

Pamba ni selulosi, minyororo mirefu ya molekuli iliyoshikana kwa viunganishi vidogo vya haidrojeni. Maji huvilegeza viunganishi hivyo, na joto huvisaidia kulegea. Nguo ikikauka, vinajishika upya palepale vilipokutwa. Pasi hutumia siri hiyo: nyunyiza maji, weka joto, weka uzito, subiri ikauke ikiwa imenyooka. Safari hutumia siri hiyohiyo kwa upande wa pili. Jasho ndiyo maji, mwili ndio joto, na uzito ni wako mwenyewe. Mtu aliyekaa saa kumi kwenye kiti ameipiga nguo yake pasi, ila ameipiga kwa umbo la kiti.

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi ikawa safari ya siku chache, na aina mpya ya wasafiri ikazaliwa: karani, mwalimu, askari, mpishi anayemfuata bwana wake aliyehamishwa. Nje ya reli, bwana shauri wa Kiingereza alizunguka wilaya yake kwa miguu au kwa gari, na nyuma yake likaja sanduku la bati lisilopitisha maji wala mchwa. Ndani yake zilikuwa nguo. Jioni, kambini, boi wake aliwasha pasi.

Neno boi tulilipokea likiwa na kasoro yake. Aliyeitwa hivyo mara nyingi alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu.

Pasi yenyewe ilikuwa ya mkaa, lile sanduku zito la chuma lenye mpini wa mbao na jogoo mdogo mbele, aliyekuwa komeo la kifuniko. Unatia makaa, unaipunga hewani mpaka yashike, unaifuta tumbo kwenye jani bichi la mgomba ili iteleze na masizi yatoke. Cheche moja ikiruka, shati limetoboka. Jivu kidogo likidondoka kwenye kola nyeupe, unafua upya. Aliyeimudu pasi ya mkaa alikuwa fundi, hata kama hakuna aliyemwita hivyo.

Na pasi haikuwa ya heshima tu. Kuna nzi katika nchi zetu za joto anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa. Mabuu wakipata ngozi ya mtu, huingia na kunenepa humo kama jipu. Joto la pasi huyaua mayai. Ndiyo maana katika nyumba nyingi kila kitu kilipigwa pasi, hata nguo za ndani, hata nepi.

Karani Mwafrika hakuwa na boi. Alikuwa na mke, au dada, au mikono yake. Kama alikuwa kijana wa bweni alikuwa na godoro: unailowesha suruali kidogo, unailaza juu ya kadibodi ukiulinganisha mstari wake, unashusha godoro, unalala bila kugeuka. Mbinu hiyo imeendelea kizazi baada ya kizazi, na wapo wasomaji wa ukurasa huu walioitumia. Ni pasi ya mtu asiye na pasi.

Tarehe 7 Machi 1955, Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, akiwa mwalimu na rais wa chama ambacho hakikuwa kimetimiza mwaka. Nauli ilichangwa. Picha za safari ile zinamwonyesha akiwa na suti na tai. Alikwenda kudai kwamba watu wake wanaweza kujitawala, na alijua kwamba katika chumba kile kola yake ingesikilizwa kabla ya hoja yake. Huo ulikuwa mzigo wa ziada kwa kila Mwafrika aliyesafiri kwenda kudai kitu: mwenzake aliyechakaa angeonekana amechoka, yeye akichakaa ingeonekana nchi yake haijawa tayari.

* * *

Ukombozi wa mikunjo ulikuja kutoka kwenye mafuta ya petroli.

Mwaka 1941 wakemia wawili wa Kiingereza, Whinfield na Dickson, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya vitambaa vya Manchester, walisajili hataza ya uzi wa polyester. Uingereza ukaitwa Terylene, Marekani Dacron, na Japani Tetoron. Jina hili la mwisho ndilo lililofika kwetu na kubaki: tetroni. Huko New Orleans, katika miaka ya 1950, mkemia Ruth Benerito na wenzake nao waliifundisha pamba tabia kama hiyo, wakiifunga minyororo ya selulosi kwa viunganishi vigumu zaidi ambavyo maji hayavilegezi.

Siri ya tetroni ni joto. Uzi wake hauanzi kulegea mpaka nyuzi 70 hivi, na mwili wa binadamu una 37. Unaweza kuukalia kutoka Kigoma mpaka Dar es Salaam, hutaufundisha umbo la kiti. Lakini ukiupiga pasi ya moto mara moja na kuutia mstari, mstari unakaa.

Miaka ya 1970 suruali ya tetroni ilikuwa cheti. Pamoja nayo ikaja suti ya Kaunda, iliyopewa jina la rais wa Zambia: koti la mikono mifupi au mirefu, lisilohitaji tai wala shati la kutia wanga. Ilisemwa kuwa ni vazi la ukombozi kwa sababu halikuwa la Kizungu. Mimi naona lilikuwa la ukombozi pia kwa sababu, likishonwa kwa tetroni, mtu mmoja aliweza kulitunza peke yake. Kada aliyepelekwa wilaya ya mbali alilifua usiku nyumba ya wageni, akalitundika dirishani, na saa moja asubuhi alikuwa mkutanoni. Hakuhitaji boi. Siasa iliyosema watu ni sawa ilikuwa imepata kitambaa kinachokubaliana nayo.

Kulikuwa na kejeli humo. Tanzania ililima pamba. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kilitoa kanga na vitenge vya pamba. Lakini kijana aliyetaka kuonekana amefika alitamani uzi wa petroli. Ulimtoa jasho na kumnukisha kwapa, na pasi ya mkaa ikizidi moto uliyeyuka na kuacha alama inayong'aa. Aliuvumilia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, sabuni ilipokuwa ya foleni na kitambaa kuwa cha bahati, nguo inayofuliwa kwa maji kidogo na kukauka kabla ya alfajiri haikuwa mbwembwe. Ilikuwa ndiyo nguo.

Suti ya Kaunda haijaacha kuleta maneno. Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa la Kenya aliipiga marufuku ukumbini, akitaka koti, kola na tai. Watu walibishana kuhusu ukoloni na utamaduni, na walikuwa na haki ya kubishana. Sikumsikia aliyeuliza nani atazinyoosha hizo kola.

Hilo ndilo swali ambalo historia ya mavazi hulisahau. Tukisema karani alivaa nadhifu, kada alivaa nadhifu, mjumbe alivaa nadhifu, tunazungumza kana kwamba unadhifu hutoka mwilini kama jasho. Tetroni haikumpumzisha aliyeivaa. Yeye alikuwa amepumzika tangu zamani. Ilimpumzisha mwanamke aliyekuwa akiamka saa kumi usiku kuwasha mkaa.

* * *

Mapumziko hayo hayakudumu. Katikati ya miaka ya 1980 biashara ilifunguliwa, na nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani zikaanza kuingia kwa wingi. Zinakuja zimegandamizwa kwa mashine katika mabelo, la kawaida likiwa la kilo 45. Tunaziita mitumba, neno lilelile la msafara, na njia ni ileile: zinashuka pwani, zinapanda bara. Ukilifungua belo la makoti utaona mikunjo ambayo hakuna safari ya basi inayoweza kuitengeneza. Ndiyo maana kwenye masoko ya mitumba hukosi kumwona kijana na meza, blanketi na pasi. Koti linaingia mkononi mwake kama karatasi iliyofinyangwa, linatoka na mabega. Bei inapanda.

Suti yangu ya kwanza niliinunua hivyo, Tabora, ya bluu iliyoiva, sufu iliyochanganywa na tetroni. Nilikuwa nimeitwa kwenye usaili Dar es Salaam. Basi lilikuwa linaondoka alfajiri, safari ya zaidi ya kilomita 800, na umeme ulikuwa umekatika tangu jioni. Mama akaitoa pasi ya mkaa chini ya kabati. Sikujua kama bado anayo.

Aliipiga ile suti kwa kitambaa kibichi juu yake, akishindilia bila kusugua, maana sufu ikisuguliwa hung'aa. Kisha akanionyesha kukunja. Anageuza koti nje ndani kwenye mabega tu, bega moja analiingiza ndani ya jingine kama vikombe viwili. Mikono inalala ndani. Kisha akachukua kanga yake moja, akaiviringisha na kuiweka katikati, ndipo akalikunja koti juu yake. Mkunjo, aliniambia, huzaliwa kwenye pembe. Nguo isipopata pembe haijui pa kuvunjikia. Suruali akaizungushia nje. Hakuwahi kusikia habari za selulosi, na hakukosea hata kidogo.

Nilisafiri na fulana. Begi sikuliweka buti. Nililipakata kutwa nzima. Stendi, usiku, nililala kwenye benchi nimelikumbatia, na asubuhi nikaingia choo cha kulipia na kubadili nguo nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja ili suruali isiguse sakafu. Wanaume wengine wawili walikuwa wakifanya hivyohivyo. Hatukusemeshana. Mmoja alinishikia tai.

Nilikuwa nimejiandaa kutazamwa. Nilijua nitakavyoingia, nitakavyosalimia, nitakavyofungua kifungo cha koti kabla ya kukaa. Lakini tulipofika tuliambiwa usaili wa siku hiyo ni wa kuandika. Tulikuwa mamia kwa nafasi chache. Tukapelekwa kwenye ukumbi mkubwa, tukapangwa kwa namba, karatasi zikagawiwa zimegeuzwa. Msimamizi alitazama namba zetu. Hakututazama sisi.

Kabla hawajasema tugeuze karatasi, nilitazama mbele. Safu kwa safu ya migongo. Mashati meupe, makoti ya mtumba, blauzi, sketi, kanzu mbili tatu, na mzee kidogo mmoja aliyevaa suti ya Kaunda ambayo lazima ilikuwa ya baba yake. Wengine walikuwa wametoka Kigoma, Mtwara, Bukoba. Nilizisikia lafudhi zao getini. Wote walikuwa wamenyooka. Katika ukumbi ule mzima sikuona kola iliyolala.

Nikafikiria mkaa uliowaka usiku ule katika mikoa yote. Magodoro yaliyolaliwa bila kugeuka. Kanga ngapi zimo kwenye mabegi yaliyorundikwa nje ya mlango. Mamia ya watu waliokuwa wamekesha wakitunyoosha, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na namba ya usaili.

Kazi sikuipata. Jioni nilipiga simu nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Koti lilifika salama?"

Nikamwambia lilifika. Nikamwambia lilikuwa kama alivyoliacha.